Herufi za Foleni

Ubao wa jikoni ulikuwa na la kusema kila asubuhi, na kila asubuhi mwanamke aliyeitwa Sauti alisimama mbele yake, akaupa muda wa kutosha, akaitikia kwa kichwa, kisha akasema, "Nimeona." Hakuwa ameona kitu. Mbele yake palikuwa na doa jeupe juu ya weusi, basi, kama maziwa yaliyomwagika sakafuni. Lakini alijua kudanganya, maana udanganyifu nao ni kazi ya mikono, ukiufanya kila siku unaupatia.

Mumewe, fundi wa mabango, ambaye ndiye aliyeuandika kwa brashi na chokaa, alilisikia hilo "nimeona" akiwa mlangoni, akavaa kandambili zake na kuelekea karakanani, yaani chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, kilichofungukia barabarani. Hapo ndipo Sauti alipoanza kazi ya pili, kubahatisha. Birika likiwa la moto, ubao ulisema chai ipo. Ngazi ikiwa haipo ukutani, ulisema nakwenda kuchora kwa watu, nitachelewa. Harufu ya rangi mbichi ikijaa ukumbini, ulisema usiguse mlango. Mara nyingi alipatia. Akikosea alijitetea kwa mdomo, na mdomo, Mungu ashukuriwe, alikuwa amejaliwa.

Jina lenyewe alipewa na mtaa. Fundi alikuwa na kigugumizi cha tangu utoto, tena si kile cha kukwama kidogo ukaendelea. Mteja aliuliza bei, na kabla jibu halijafika alikuwa ameshaudhika na kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mke ndiye aliyepatana na watu, akasifu kazi, akagombana inapobidi. "Ongea na sauti yake," watu wakaambiana, na baada ya muda hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Fundi yeye alizungumza kwa brashi. Hata posa aliileta kwenye kipande cha mbao, akakiegemeza ukutani kwao binti, akatoka mbio. Sauti akisimulia kisa hicho alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Herufi zake Fundi alizibuni kwa sababu ya ufinyu. Milango ya maduka ya mtaa ule ilikuwa myembamba, na wenye maduka walikuwa na maneno mengi. Kila mmoja alitaka jina lake, biashara yake na sifa zake zote zikae kwenye ubao usiozidi upana wa mlango, tena zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Fundi akazibana herufi mbavuni, akazirefusha, akazipa miguu minene, akazisimamisha bega kwa bega. Watu wakaziita herufi za foleni, maana zilisimama kama watu wanaogombea dirisha, hakuna anayempisha mwenzake. Ndani ya A, ndani ya O, ndani ya B, aliacha tundu jembamba lililosimama wima, na hilo tundu ndilo lililoliambia jicho hii ni nini na ile ni nini. "Herufi bila tundu ni tofali," aliwahi kumwandikia mkewe, zamani, walipokuwa bado wanataniana ubaoni.

Macho ya Sauti yalianza kumwishia katikati. Alichokitazama kilifutika, alichokiacha kilirudi pembeni. Aliweza kuiona miguu ya meza, ukingo wa mlango, mtu anayepita kushoto kwake, lakini uso wa mtu anayeongea naye uligeuka ukungu. Daktari alimwambia kwa upole, "Kilichokufa nyuma ya jicho hakifufuki, mama. Tutajitahidi kukilinda kilichobaki." Aliporudi nyumbani alimkuta Fundi mlangoni. Sauti alijua anasubiri.

"Uzee tu," akamwambia. "Kasema nisome maandishi makubwa."

Kesho yake herufi za ubaoni ziliamka zimenenepa. Ubao ulikuwa ule ule, hauna nafasi ya kuzitanua, kwa hiyo unene uliingia ndani, ukaanza kuyala matundu. Sauti akakunja uso akijaribu kusoma, na Fundi akauona ule mkunjo, akazinenepesha tena. Akakunja uso zaidi, zikanenepa zaidi. Mtu yule alikuwa akimpenda mkewe kwa brashi, na kila alipoongeza upendo alimzibia dirisha. Laiti Sauti angesema mapema, "Fundi, punguza, niachie nafasi nipenye," pengine angesoma kwa muda mrefu zaidi. Hakusema. Akaendelea kusema nimeona.

Na usidhani ni kiburi. Aliogopa. Mumewe hakuwa mtu wa kuongea, na ubao ndio uliokuwa mdomo wake. Akiambiwa mkewe haoni, ataiweka brashi chini, na nyumba itabaki na watu wawili, mmoja haoni, mwingine hasemi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuishi na yule mzee.

Halafu kulikuwa na asubuhi moja ya mvua. Paa la jikoni lilikuwa limeanza kuvuja usiku, na Sauti alipoingia alikuta beseni katikati ya meza, likipokea matone. Na Fundi pia alikuwemo. Hiyo haikuwa kawaida. Siku zote Fundi aliandika, akasogea mlangoni. Siku hiyo alisimama kando ya ubao, na kwa pembeni ya jicho Sauti aliviona vidole vyake vikiuzungusha mpini wa brashi. Doa jeupe lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, maana yake maneno ni mengi. Mvua, beseni, mume anayesubiri jibu. Sauti hakuhitaji kufikiri sana. Ni paa. Anauliza kama atafute mtu wa kulitengeneza.

"Ndiyo," akasema kwa uchangamfu, ule wa kufukuzia mashaka. "Tena fanya mapema, kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri tu useme."

Fundi aliiweka brashi chini. Kisha akachovya kitambaa kwenye maji, akaufuta ubao polepole, akatoka.

*

Mtu wa paa hakuja kesho yake, wala juma lililofuata. Beseni likawa mwenyeji wa meza. Sauti alinung'unika moyoni, lakini hakutaka kulitaja tena lisije likazua mazungumzo ya nini hasa kiliandikwa. Mjadala wa ubao alikuwa akiukimbia kama mbuzi anavyokimbia maji.

Badala ya paa, kilichoshughulikiwa ni godoro. Siku hizo hizo Fundi alilitoa godoro la wageni kabatini, akalitandika karakanani katikati ya makopo ya rangi. Hakueleza. Labda alieleza ubaoni, na Sauti akasema nimeona kama kawaida yake, nani ajuaye? Kuuliza hakuweza. Alijilaza upande wake wa kitanda akauacha ule mwingine wazi, akisikiliza kikohozi cha mumewe kikitoka upande wa pili wa nyumba. Kizingitini, walipokuwa wakikaa pamoja jioni, mke akisimulia habari za mtaa na mume akicheka kwa mabega, siku hizi Sauti alikaa peke yake. Na doa la ubaoni likapungua, likawa neno moja, labda mawili.

"Amenichoka," Sauti alijiambia. Mwanamume akihama chumba baada ya maisha yote hayo, huhitaji kusomewa.

Mchana mtaa ulimsikia akicheka na wateja, akimtania fundi cherehani wa nyumba ya jirani kupitia ukutani, na hakuna aliyejua. Jioni aliongea na beseni. Alilieleza nani kapita, nani kajifungua, unga umepandaje bei. Usicheke. Beseni angalau lilikuwa likijibu.

*

Mziwanda, binti yao wa mwisho, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la uchapaji barabara kuu. Alikuwa amepita mtaa mzima akipiga picha mabango ya baba yake, herufi moja moja, akaziingiza kwenye kompyuta, akazinyoosha, akaziongezea na zile zilizokosekana, mpaka ikawa ukibonyeza kitufe, herufi ya baba inatoka yenyewe. Wateja walizipenda. Duka la dawa likazitaka, chuo cha udereva kikazitaka, muuza simu akazitaka nene kabisa. Mzee alipopelekwa kuona bango ambalo hakulichora, lenye mkono wake, alilishika kwa kidole kuona kama rangi imekauka. Mziwanda alisema hajawahi kumwona baba amesimama wima vile.

Sasa duka lilikuwa linahamia jengo jipya, na Bosi, mtu wa kelele na moyo mkubwa, alitaka siku hiyo iwe pia ya kumtukuza mzee. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mziwanda alifika nyumbani kumpigia mama yake nguo pasi.

"Halafu mama, kesho wewe ndiye utakayelisoma bango."

"Mimi? Kwani mmekosa watu wenye macho?" Sauti alisema, akajichekesha.

"Baba kamwandikia Bosi kwamba mke wake anasoma herufi hizi kutoka ng'ambo ya barabara, kwa umri wake huo. Bosi kapagawa. Utasimama ng'ambo, nguo itaanguka, utasoma kwa ile sauti yako. Basi, makofi."

Sauti akachukua khanga iliyokwisha kukunjwa, akaifungua, akaikunja upya. "Limeandikwaje hilo bango lenu?"

Mziwanda alisita. Mama alikusikia kusita kule, lakini alikuwa na haraka ya kujinasua, hakukuchunguza.

"Karibuni wateja wetu," binti akasema. "Nini kingine, mama? Bango la duka."

"Karibuni wateja wetu," Sauti akarudia. Akalitia neno kibindoni.

"Mama, baba bado analala kule?"

"Kazi nyingi. Na kile kikohozi chake, hataki kunisumbua."

"Kikohozi," Mziwanda akasema. Pasi ikapita juu ya nguo mara kadhaa bila sababu. "Haya."

*

Walimsimamisha ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha muuza viatu. Mziwanda alimshika kiwiko kwa heshima ya siku, hakujua anamwongoza. Watu walikuwa wamejaa pande zote. Fundi cherehani alikuwa amefunga kazi ili aje, na Sauti alimtambua kwa manukato yake. Fundi alisimama mbali kidogo ndani ya shati jeupe lililonyooshwa na binti yake. Njiani alikuwa ametangulia hatua chache mbele, na Sauti aliufuata weupe wa shati hilo kwa pembeni ya jicho mpaka walipofika.

Bosi alihutubia kwa kipaza sauti. Alisema mambo mengi kuhusu jengo, na machache lakini matamu kuhusu mzee. "Na sasa," akapaza sauti, "mwenye macho ya tai atusomee!"

Nguo ikaanguka. Watu wakasema aah. Sauti akageuza uso kuelekea kwenye wekundu uliokuwa ukielea huko juu, akaupa muda wa kutosha, akaitikia kwa kichwa, akavuta pumzi.

"KARIBUNI WATEJA WETU!"

Sauti ilitoka safi, ikavuka barabara. Akasubiri makofi. Mtu mmoja akacheka, na mwenzake akamkanya.

"Mama ana utani!" Bosi akasema kwenye kipaza sauti. "Mama, tusomee kweli sasa."

"Mama," Mziwanda akamnong'oneza. "Soma kilichoandikwa."

Sauti akadhani hawakumsikia vizuri. Na mtu aliyekwisha kupotea njia, akiongeza mwendo ndiyo anapotea zaidi. Akajaza kifua. "Karibuni, wateja wetu! Karibuni nyote!"

"Jamani," fundi cherehani akasema taratibu, "mbona siyo?"

Mkono ukapita mbele ya uso wake, ukarudi, wa mtu fulani aliyekuwa akimjaribu macho. Vidole vilionekana vizuri tu pembeni.

"Mkono nauona," Sauti akasema. "Utoe."

Mziwanda alikuwa amekiachia kiwiko cha mama yake, sasa akakishika upya, kwa nguvu. Alikuwa analia. "Nilikudanganya, mama, ilikuwa tukushtukize. Zile herufi zimepewa jina. Bango limeandikwa neno moja tu. Limeandikwa SAUTI. Baba ndiye aliyechagua."

Jengo zima lilikuwa na jina lake usoni, kubwa kuliko mlango. Alikuwa amesimama mbele yake, mbele ya mtaa mzima, akasoma kitu kingine. Akageuza kichwa pembeni kumtafuta mumewe kwa kile kipande cha jicho kilichobaki, akalipata shati jeupe.

"Si... si... si..." Fundi alikuwa akisema.

"Si neno!" Bosi akadakia, akitaka kuokoa siku. "Mzee anasema si neno, mama ni wetu! Makofi!"

Watu wakapiga makofi. Fundi hakutaka kusema si neno. Alitaka kusema sikujua, lakini neno lilikuwa limeshanyang'anywa. Shati jeupe likageuka, likapenya katikati ya watu, likaenda zake bila yeye.

*

Mziwanda alimrudisha nyumbani, akamkalisha jikoni, akazunguka akifungua makabati na kuyafunga.

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Kitambo! Unawasha jiko hivi hivi? Unakata vitunguu hivi hivi?"

"Kitunguu hakisomwi, mwanangu."

"Usinitanie, mama. Leo siyo siku ya utani." Akaketi, akasimama tena. "Utakuja kwangu. Nina chumba. Hapa unabaki na nani? Baba mwenyewe kahamia kwenye makopo yake ya rangi, unafikiri siijui habari ya kikohozi? Na leo kakuacha barabarani mbele ya watu. Barabarani, mama!"

Yote yalikuwa kweli, Sauti alijua. Alipapasa ukingo wa meza mahali alipopajua, palipokwanguka. Chumba kwa binti, kitanda safi, wajukuu, redio. Na huku mzee peke yake na ubao. Alitaka mtu mmoja tu amwambie asiende, na mtu huyo ndiye asiyejua kusema.

"Nitakuja na gari jioni nichukue nguo zako," Mziwanda akasema, akambusu kichwani, akaondoka.

Mvua ilianza alasiri. Beseni likaanza simulizi zake. Baadaye kidogo kandambili zikaja ukumbini, zikasita, zikaingia. Sauti hakugeuka. Alisikia kopo la chokaa likifunguliwa, brashi ikichovywa, ikipanguswa ukingoni, kisha ule mkwaruzo laini aliouzoea, wa manyoya yakivutwa juu ya mbao kutoka juu mpaka chini. Mzee wa watu, kwa mazoea yake, alikuwa anaandika.

"Fundi. Usiandike. Sioni."

Mkwaruzo ukaendelea kidogo, ukakoma.

"Sioni," akarudia. Alikuwa amelibeba neno hilo muda mrefu kiasi kwamba kulisema mara moja hakukutosha. "Zamani nilikuwa naona kidogo. Ulipoanza kuzinenepesha ndipo niliposhindwa. Unakumbuka uliniandikia herufi bila tundu ni tofali? Umenijengea ukuta wa matofali, mume wangu. Kila nilipokunja uso uliongeza tofali."

"Kwa... kwa ni... kwa nini hu..."

"Hukuniambia?" Alimkamilishia, kama alivyomkamilishia maisha yote. "Kwa sababu ningekwambia ungeacha kuandika. Na usipoandika, wewe huongei. Ningebaki na nani? Nilikuwa nasema nimeona ili uendelee. Hata kama sisomi, nilijua leo kaniandikia. Ndiyo hivyo. Halafu ukahama chumba, nikajua basi, hata hicho kimekwisha."

Fundi alivuta pumzi nzito puani. Tone likadondoka. Labda ni aibu ya mchana, labda ni gari lililokuwa njiani, lakini Sauti akashikwa na hasira ya ghafla, tena hasira ndogo ya nyumbani, ile inayokuja pale kubwa inaposhindwa kutoka.

"Na hilo paa! Nalo je? Usipoziba ufa utajenga ukuta, mtu mzima huyajui hayo? Umeniuliza mwenyewe, nikakujibu mwenyewe, ukatia pamba masikioni. Mpaka leo nakunywa chai na beseni!"

"Pa... paa gani?"

"La jikoni! Asubuhi ile ya mvua, uliposimama hapo hapo na brashi. Ubao umejaa. Nikakwambia ndiyo, tena fanya mapema, kabla mambo hayajaharibika zaidi. Hukumbuki?"

Sauti alisikia kiti kikivutwa. Alisikia mwili ukishuka juu yake kama gunia.

"Si... sikuandika pa... paa," Fundi akasema.

"Uliandika nini?"

Akaanza kujibu. Neno la kwanza lilikwama mwanzoni kabisa, kwenye ile U, akalirudia, likakwama, akalirudia. Miaka yote Sauti alikuwa akilipokea neno lake mlangoni na kulifikisha linakokwenda; mteja hakuwahi kusubiri. Safari hii hakujua linakokwenda. Akaweka mikono mapajani, akasubiri.

"U... u... umenichoka," Fundi akasema. Akapumzika. "Niliandika, ume... umenichoka? Ni... nihamie ka... ka... karakanani?"

Tone likadondoka katika beseni, na lingine. Sauti aliukumbuka ule mkunjo wa uso aliokuwa akimwonyesha kila asubuhi, akayakumbuka na majibu yake yote ya siku ile, neno kwa neno, na ule uchangamfu aliouvaa. Ndiyo. Tena fanya mapema. Mimi mwenyewe nilikuwa nasubiri tu useme. Akamwona kwa mawazo mzee yule akiufuta ubao polepole na kwenda kulitafuta godoro la wageni. Akazikumbuka jioni zote pale kizingitini, yeye huku akidhani amechokwa, na mumewe kule, ukuta mmoja katikati, ameshajibiwa.

Alifungua mdomo. Mdomo uliopatana na mtaa mzima, uliogombana na wenye maduka, uliovuka barabara mchana ule ule, haukutoa kitu. Fundi alikaa akisubiri, na kadiri kimya kilivyorefuka ndivyo alivyokielewa kwa namna yake. Alishajibiwa mara moja, na sasa anajibiwa ya pili. Kiti kikasogea. Kandambili zikaanza kuelekea mlangoni, taratibu, bila lawama, kama za mgeni anayeaga.

"Hapana!"

Ilimtoka kama kitu kilichovunjika. Akasimama, akagonga meza, maji ya beseni yakamwagikia miguu.

"Hapana, we mzee, hapana! Sijakuchoka! Siku hata moja! Hapana!"

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ya jirani ikanyamaza. Kandambili nazo zikasimama.